Mkono na Kitabu

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, msomaji, ni hili: Je, kijana aliyeingia shule ya sekondari, ambaye matumaini yake ni kuwa mwanasheria, daktari, mhasibu au karani wa serikali, ana haja ya kufundishwa kupiga randa, kushona nguo, kufinyanga chungu au kujenga ukuta? Wako wasemao kuwa ana haja, kwa sababu kazi ya mikono huleta riziki. Wako wasemao kuwa hana, kwa sababu muda wa shule ni mfupi, na mwenye akili ya kitabu asipotezewe wakati kwa kazi ambayo aweza kumlipa mtu mwingine amfanyie. Mimi naona kuwa pande zote mbili zimelishika jambo hili kwa ncha. Upande wa kwanza wahesabu mshahara. Upande wa pili wahesabu alama za mtihani. Wala hakuna hata mmoja uulizao kazi humfanya nini mtu aifanyaye.

Kabla ya kutoa jibu, yatupasa kuisikiliza hofu waliyokuwa nayo wazee wetu, maana haikuzuka bure. Mwaka 1909 Nelson Fraser, aliyeombwa kuishauri serikali ya kikoloni juu ya elimu katika nchi hii, alipendekeza Waafrika wafundishwe kazi za ufundi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika ya Mashariki. Tume hiyo iliisifu elimu ya kilimo na ufundi, kwa mfano wa ile iliyofundishwa kwa watu weusi wa Marekani ya kusini katika shule kama Tuskegee, ambayo Booker T. Washington alianza kuiongoza mwaka 1881. Mwaka ule ule wa 1924 serikali ilianzisha Kabete mahali pa kufunzia Waafrika ufundi, na mwaka 1925 ikafuata papo hapo Kabete Shule ya Jeanes, iliyowafunza walimu ambao wangezungukia shule za vijijini wakihimiza kilimo, afya na kazi za mikono.

Katika mafunzo yale mlikuwa na mema mengi. Yako majengo na samani zilizotoka katika mikono ya vijana wale, na hakuna mwenye akili atakayezibeza. Kosa halikuwa katika nyundo wala katika jembe. Kosa lilikuwa kwamba shule ziligawanywa kwa rangi, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na yule aliyemwambia mtoto wa Mwafrika kuwa patasi yamtosha hakumwambia mwanawe maneno hayo. Wazazi waliliona jambo hilo bila kuonyeshwa na mtu. Katika miaka ya 1920 na 1930 wengi wao katika Kenya ya kati walijijengea shule zao wenyewe, mbali na shule za misheni, na mwaka 1939 kikafunguliwa Githunguri chuo cha kuwafunza walimu wa shule hizo. Sababu za kutengana zilikuwa nyingi, lakini kiu ya elimu kamili ya kitabu ilikuwa miongoni mwao.

Wako waliowalaumu wazee wale kuwa walitaka watoto wao waikimbie kazi. Lawama hiyo si ya haki. Watu walioamka alfajiri kulima, waliochanga senti zao na kubeba mawe kwa mabega yao ili shule isimame, hawawezi kuitwa wavivu. Hawakuichukia kazi, walichukia kuchaguliwa fungu. Kutoka kwao twapata kanuni moja ambayo naiona kuwa msingi wa swali letu lote: usimchagulie mtoto wa mwenzio elimu ambayo ungeona haya kumchagulia mwanao.

Ipime kanuni hiyo, nawe utaona kwamba haikatazi ufundi shuleni. Yakataza ufundi wa fungu la chini. Finland ilipokuwa bado chini ya mfalme wa Urusi, mwalimu mmoja aitwaye Uno Cygnaeus aliongoza chuo cha walimu kilichofunguliwa Jyväskylä mwaka 1863. Aliamini kuwa kazi ya mikono ni sehemu ya malezi ya kila mtoto, si matayarisho ya mtoto maskini kwa umaskini wake. Kwa sheria ya mwaka 1866 kazi hiyo iliingizwa katika shule za umma za nchi ile na katika vyuo vya kufunzia walimu. Baadaye Otto Salomon alifungua huko Nääs, Sweden, chuo ambacho walimu kutoka nchi nyingi walikwenda kujifunza namna ya kufundisha watoto useremala. Na hata leo mtoto wa Finland, wa kiume kwa wa kike, akiwa mwana wa waziri au wa mchukuzi, hufundishwa shuleni kufanya kazi kwa mbao, chuma na nguo. Huko hakuna aonaye kuwa ametukanwa, kwa sababu hakuna aliyesazwa. Kazi ile ile iliyokuwa tusi Kabete ilikuwa malezi Jyväskylä. Chombo hakikuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa katika nia ya aliyekigawa.

Sasa tuulize lile lililosahauliwa: kazi ya mikono humfanya nini mtu? Jambo la kwanza ni kwamba humfundisha kweli. Mwanafunzi aandikapo insha aweza kuuficha ujinga wake nyuma ya maneno mengi, na mwalimu aliyechoka aweza kudanganyika. Lakini ubao haudanganyiki. Ulimi wa ubao mmoja ama waingia katika tundu la mwenzake ukakaza, ama hauingii, ama waingia ukacheza kama jino bovu. Hapo hapana mjadala, wala hapana mtu wa kumsingizia. Katika chuo cha ualimu nilimosomea, mwalimu wetu wa useremala hakuipokea kazi ya mwanafunzi mpaka mwanafunzi mwenyewe ameitaja kasoro yake. Kazi isiyo na kasoro iliyotajwa aliirudisha, akasema kuwa mwenye kazi hajaitazama. Sijaona somo jingine ambalo humzoeza kijana kujihukumu mwenyewe kwa upole na kwa haki namna ile, bila kujipendelea na bila kujikatia tamaa.

Jambo la pili ni kwamba mkono hulirudishia somo la kitabu uhai wake. Wanafunzi wengi huweza kukariri kwamba katika pembetatu yenye pembe mraba, mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili nyingine. Waulize faida yake, nao watakujibu kuwa huulizwa katika mtihani. Nenda nao basi mahali nyumba ijengwapo, mkamtazame mwashi akipanga msingi. Hupima futi 3 katika uzi wa upande mmoja, akatia alama. Hupima futi 4 katika uzi wa upande wa pili, akatia alama. Kisha hupima kutoka alama hadi alama. Akipata futi 5 kamili, pembe yake ni mraba. Zikizidi, pembe imepanuka, zikipungua, imebanwa. Pengine mwashi huyo hakupita darasa la saba, na huenda hajapata kulisikia jina la Pythagoras. Hata hivyo yeye aijua kanuni ile kwa namna ambayo aliyeikariri haijui, maana nyumba ya watu itasimama juu yake. Akikutana na mwanafunzi, nani atamfundisha mwenziwe? Jibu la kweli ni kwamba kila mmoja ana nusu, na shule njema ni ile inayoziunganisha nusu hizo katika mtu mmoja.

Jambo la tatu ni heshima. Anayejua taabu ya kutengeneza kiti hakalii kiti kwa kiburi. Kijana aliyepata kukata kanzu na kuishona huongea na mshonaji kwa namna nyingine, hata siku atakapokuwa mkubwa wa ofisi. Hatamwita fundi mwizi kwa sababu ametaja ujira wa siku tatu, kwa kuwa aijua siku ya kazi ina saa ngapi na sindano yachoma mara ngapi. Nchi ambayo watawala wake hawajapata kushika chombo cha kazi hupanga bei ya jasho lisilowatoka. Jambo hili si la uchumi peke yake. Ni la uadilifu.

Usidhani, msomaji, kwamba nazungumza habari za ugenini. Pwani yetu ilikuwa na shule zake za ufundi kabla ya neno mtaala kusikiwa. Mtoto alikabidhiwa kwa fundi akawa mwanagenzi wake. Alianza kwa kufagia vinyoleo na kunoa tezo, akatazama, akajaribu, akakosea, akarudia. Na alipohitimu alimpa fundi wake zawadi ya heshima. Kwa njia hiyo zilichongwa milango ya Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa njia hiyo wajenzi wa Matondoni walirithishana ujenzi wa majahazi, wakipinda mbao kwa kipimo cha jicho kilichofundishwa na jicho jingine. Kwa njia hiyo pia ulijengwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Mtepe umetoweka baharini, na siku fundi akosapo mwanagenzi, maarifa ya karne nyingi huenda naye kaburini. Kitabu huhifadhi jina la chombo. Mkono huhifadhi chombo chenyewe.

Baada ya kusema hayo, yanipasa kukiri kwamba shule zetu zina njia mbili za kuiua kazi ya mikono huku zikijidai kuifundisha. Njia ya kwanza ni kuifanya adhabu. Mwanafunzi amechelewa, apewe jembe. Amepiga kelele; akafyeke nyasi. Amekosa adabu, aoshe vyoo. Mwalimu huyo huyo, siku ya pili, husimama mbele ya darasa akasema kuwa kazi ni heshima na kilimo ni uti wa mgongo wa nchi. Mtoto atasadiki lipi, lililosemwa au lililotendwa? Amekwisha kuona kwa macho yake kwamba jembe hupewa wakosaji, na kwamba mwema humwachia jembe mwenziwe akakaa kivulini. Kama twaihitaji adhabu, na tutafute nyingine. Kitu kimoja hakiwezi kuwa fimbo asubuhi na zawadi jioni.

Njia ya pili ni kuifanya maneno. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 nia yake ilikuwa njema: kila mtoto apate maarifa ya kilimo, ufundi, sanaa na mambo ya nyumbani. Lakini karakana na vyombo viligharimu fedha, na mzigo mkubwa wa gharama hiyo uliwaangukia wazazi. Shule nyingi zilikosa karakana, na nyingine zilipata jengo bila vyombo. Tena mtihani wa darasa la nane ulikuwa wa karatasi. Mtoto aliweza kupata alama nzuri kwa kuchagua jibu sahihi juu ya patasi ambayo hajapata kuishika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yalipunguzwa yakatoka katika mtihani ule, na wengi walishukuru. Mimi siwalaumu. Kilichoondolewa hakikuwa kazi ya mikono, bali kivuli chake.

Sasa tumo katika mtaala mwingine, ulioanza kufundishwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, na mwaka 2026 wanafunzi wake wa kwanza waliingia sekondari ya juu. Huko njia ni tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu; ya sayansi za jamii; na ya sanaa na michezo. Useremala, ufundi wa vyuma na ujenzi vimewekwa katika njia ile ya kwanza, pamoja na sayansi. Mahali hapo ni pema, lakini mahali pema katika karatasi si mahali pema katika moyo. Ikiwa walimu na wazazi watawapeleka kwenye karakana wale tu walioshindwa na hesabu, tutakuwa tumejenga upya kwa mikono yetu ukuta ule ule wa zamani, isipokuwa kwamba safari hii utawagawa watu kwa alama badala ya rangi. Nao watoto wataujua, kama wazazi wa Githunguri walivyoujua.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Mtoto ameagizwa atengeneze kikapu au kinyago. Usiku mama amekaa akikitengeneza, au asubuhi baba amekinunua sokoni, na mwalimu akakipa alama. Kila mmoja katika hao watatu ajua ukweli, na kila mmoja amenyamaza. Hapo somo lililokusudiwa kufundisha kweli limegeuka kuwa somo la kwanza la udanganyifu. Kikapu kilichopinda cha mtoto ni bora mara mia kuliko kikapu kizuri cha soko, kwa sababu hatukuhitaji kikapu. Tulihitaji mtoto aliyesuka.

Tuzungumze pia juu ya ugawaji mwingine ambao hauna mizizi katika akili: wavulana waende kwenye mbao, wasichana waende kwenye sindano. Tembea katika miji ya pwani ukatazame ni nani aliyeketi nyuma ya cherahani barazani, na ni nani anayedarizi kofia ya vito. Mara nyingi utamkuta mwanamume, mwenye ndevu, wala hakuna amchekaye. Kisha mwanawe huambiwa shuleni kuwa ushonaji ni kazi ya kike. Na wafinyanzi katika sehemu nyingi za nchi yetu ni wanawake, ambao hubeba udongo mzito, huchanja kuni na huuongoza moto. Kifungo cha shati hudondoka kwa mvulana kama kwa msichana, na kitasa cha mlango huharibika katika nyumba ya mwanamke kama katika ya mwanamume. Kila mmoja na afunzwe yote mawili, kisha kipawa chake kitajichagulia.

Yamkini sasa utaniuliza: Je, ufundi huu utaniondolea ukosefu wa kazi? Sitaki kukuahidi nisichokuwa nacho. Tangu miaka ya 1960, wakati Baraza la Kikristo la Kenya lilipouliza vijana wafanye nini baada ya shule, na vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kufunguliwa, maneno ya namna hiyo yamesemwa mara nyingi. Wako waliofaulu. Husimuliwa jinsi uchongaji ulivyoenea Ukambani baada ya vita kuu ya kwanza, kutokana na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejionea kazi za wachongaji wa Tanganyika akarudi nazo kwao. Gikomba na Kamukunji mjini Nairobi, mafundi wa jua kali hugeuza mapipa na mabati kuwa masanduku, sufuria na majiko yaingiayo katika maelfu ya nyumba. Lakini wako pia waliohitimu na vyeti vyao, wakakosa mtaji, wakakosa wanunuzi, wakakaa. Fundi huhitaji soko, barabara, umeme na mikopo ya haki, na hayo hayatengenezwi kwa randa. Anayemwambia kijana kwamba hana kazi kwa sababu haujui ufundi, kisha asiseme neno juu ya hayo mengine, amemtwika mnyonge lawama ya wenye nguvu.

Kwa hiyo mimi sikwambii ujifunze kazi ya mikono kwa kuwa itakutajirisha. Nakwambia ujifunze kwa kuwa bila hiyo hujaelimika kamili. Mtu aliyefunzwa kichwa peke yake hutegemea wengine kwa kila kitu, kisha huwadharau anaowategemea. Mtu aliyefunzwa mkono peke yake huweza kutumiwa na wenye hila, maana hawezi kuusoma mkataba atiao kidole. Wote wawili ni nusu ya watu, na kila nusu yamwogopa mwenziwe.

Yapo machache ambayo shule hata ya kimaskini yaweza kuyatenda bila kungoja karakana kubwa. Iwe na vyombo vichache vilivyo vikali, kuliko vingi vilivyo butu, na somo la kwanza liwe kunoa. Imwalike fundi wa mtaa, mwashi, mshonaji au msusi wa ukili, aje kufundisha, na wanafunzi wamwite mwalimu, na mkuu wa shule amlipe kama mwalimu. Itengeneze vitu vinavyotakiwa: madawati yaliyovunjika ya shule ile ile, rafu ya maktaba, mapazia, mkeka wa watoto wa darasa la chini. Kitu kitakachotumiwa na mwenzako hukifanyi ovyo, kwa kuwa utakutana nacho kila siku. Na mwalimu wa hesabu naye aonekane, japo mara moja kwa muhula, akiwa ameshika msumeno, ili wanafunzi wasidhani kwamba msumeno ni wa watu wa aina nyingine.

Na wewe, kijana usomaye, usingoje kuamriwa. Chagua kazi moja ambayo katika mtaa wenu yupo mzee au mama aijuaye vizuri. Mwendee kwa adabu, umsalimu, umwombe akuonyeshe. Atakupa kwanza kazi ya kuchosha, ifanye. Utaharibu vitu, wazee walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukikitimiza kitu cha kwanza, kitazame kabla ya kumwonyesha mtu, uitaje kasoro yake mwenyewe, kisha uanze cha pili.